Tabora Yanywa Maji ya Ziwa Victoria, Mito ya Malagarasi Isisahauliwe

Mvua za kwanza za masika zinapoangukia Kipalapala, kusini mwa mji wa Tabora, maji yake hayaelekei Bahari ya Hindi ilikotoka misafara ya zamani. Huelekea magharibi. Yawe yamepita kaskazini katika Mto Igombe au kusini katika vijito vinavyoingia Mto Wala na Ugalla, hatimaye hukutana katika Mto Malagarasi, huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, na kupitia Mto Kongo huishia Bahari ya Atlantiki.

Maji yanayotoka bombani katika mji huohuo yana safari nyingine kabisa. Huchotwa Ihelele, mkoani Mwanza, kutoka Ziwa Victoria, chanzo cha Mto Nile, kisha husukumwa kwa mabomba kupitia Solwa mkoani Shinyanga hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kwa lugha nyepesi, Tabora leo inakunywa maji ya bonde la Nile na kuyamwaga katika bonde la Kongo.

Ukweli huo wa kijiografia una uzito mkubwa kwa wananchi wa mkoa huu, ambao kila mwaka husikia matangazo ya Wiki ya Maji inayohitimishwa tarehe 22 Machi, na ya Siku ya Ardhioevu Duniani tarehe 2 Februari. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mto ambao haujazi tena ndoo ya mkazi wa mjini utalindwa na nani, na kwa sababu gani?

Mafanikio yaliyoleta jukumu jipya

Kwa miongo mingi Tabora ilitegemea mabwawa, hasa Igombe na Kazima, pamoja na visima. Kiangazi kilipokuwa kirefu, kina cha bwawa kilishuka na mgao wa maji ukaanza. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, uliotekelezwa na Serikali kwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya India, ulikuja kuondoa adha hiyo. Hatua iliyofuata ni mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022, na ambao kwa upande wa Tabora unalenga kufikisha maji ya ziwa hilo Sikonge, Urambo na Kaliua.

Hakuna anayeweza kubeza mafanikio hayo. Mama aliyekuwa akiamka usiku kutafuta maji anajua thamani ya bomba kuliko takwimu yoyote. Hata hivyo, kila mradi wa maji safi huzaa mwenzake asiyesemwa sana, yaani majitaka. Wahandisi wa maji hukadiria kwamba takribani asilimia 80 ya maji yanayotumika majumbani hugeuka majitaka. Kwa hiyo kadiri mji unavyopokea maji mengi kutoka nje ya bonde, ndivyo unavyoachia maji machafu mengi zaidi ndani ya bonde. Mashimo ya vyoo hujaa upesi, magari ya kunyonya majitaka huhitajika zaidi, na mitaro iliyokuwa ya mvua pekee huanza kutiririka hata kiangazi. Yasipotibiwa, maji hayo hufuata mteremko uleule wa mvua ya Kipalapala.

Jambo la pili ni la kibinadamu zaidi. Mji uliokunywa maji ya Igombe ulikuwa na sababu ya kila siku ya kuuliza nani analima kando ya bwawa na nani anakata miti juu yake. Mji unaokunywa maji yanayotoka mamia ya kilomita mbali unaweza kuacha kuuliza. Mzigo wa kuuliza unabaki kwa wanaoishi chini ya mto: wafugaji, wavuvi na wakulima wa mpunga wa mbugani, ambao bado wanachota humohumo.

Bonde lenye hadhi ya kimataifa

Bonde la Malagarasi si bonde la kawaida. Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu mwaka 2000, eneo la kwanza kuliorodhesha lilikuwa Malagarasi-Muyovozi, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000, sawa na kilomita za mraba 32,500. Hilo ni zaidi ya mara mbili ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Baadaye yalifuata Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lakini hakuna kati ya hayo linalolifikia kwa ukubwa.

Ndani yake mna maziwa madogo ya Nyamagoma na Sagara, mabwawa ya matete yasiyo na mwisho, na mbuga zinazofurika wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Humo anaishi korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, anayesimama kimya kwenye matete akivizia kamongo. Yumo nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya tope na mimea ya majini bila kuzama. Wamo viboko na mamba, na katika misitu ya miombo inayozunguka wamo palahala, tembo na simba.

Samaki wa Malagarasi wana historia ndefu kuliko ziwa wanalolikaribia. Wataalamu wa samaki wamebaini kuwa mto huu una aina zenye undugu na samaki wa Mto Kongo ambazo hazipatikani katika maji ya kina ya Ziwa Tanganyika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba Malagarasi ulikuwa ukitiririka kwenda Kongo kabla bonde la ufa halijadidimia na kufanyiza ziwa katikati yao. Ziwa lilipozaliwa liliukata mto, lakini samaki wake walibaki kama kumbukumbu hai ya njia ya zamani. Yupo pia perege wa Malagarasi, anayejulikana kisayansi kama Oreochromis malagarasi, ambaye asili yake ni bonde hili.

Mamba wa mto huu wameingia hata katika historia iliyoandikwa. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ililazimika kuvuka Malagarasi. Richard Burton na John Speke walivuka mwanzoni mwa mwaka 1858. Henry Stanley alipofika mtoni mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, alijadiliana kwa muda mrefu kuhusu ada ya kuvushwa, na baada ya kukubaliana punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alikamatwa na mamba akiogeleshwa na kuzama mbele ya wapagazi. Misafara hiyo ilitegemea pia chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na makutano ya Ruchugi na Malagarasi. Mto ulikuwa kizuizi, chanzo cha chakula, soko na hatari kwa wakati mmoja. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 iliugeuza kuwa daraja la kupitwa kwa dakika chache, na abiria wengi hawajui tena wamevuka nini.

Wanyama kama kipimo cha maji

Uhusiano kati ya wanyama na ubora wa maji huelezwa mara nyingi kwa upande mmoja tu: maji yakichafuka, wanyama hufa. Upande wa pili una manufaa makubwa zaidi kwa mwananchi, nao ni kwamba wanyama huweza kueleza hali ya maji kabla hayajaua.

Kipimo cha maabara huonesha hali ya maji ya saa ile yalipochotwa. Mtu akimwaga uchafu usiku, sampuli ya mchana wa kesho yake inaweza kuonekana safi. Viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe na kwenye tope la mto hawana pa kukimbilia. Wao hubeba historia ya wiki na miezi. Mabuu ya kereng'ende na wadudu wengine wanaohitaji maji yenye hewa nyingi hutoweka mapema. Minyoo wekundu na mabuu ya visubi huongezeka pale hewa inapopungua. Watafiti nchini wametumia kanuni hiyo kuandaa mfumo wa kuipa mito ya Tanzania alama za afya kwa kuhesabu viumbe hao, unaojulikana kwa kifupisho cha TARISS. Vifaa vyake ni rahisi: wavu, beseni, na macho yaliyofundishwa.

Samaki nao wana lugha yao. Perege huhitaji hewa iliyoyeyuka majini, na kwa samaki wengi kiwango kinachofaa ni kuanzia takribani miligramu 5 kwa lita. Kambale na kamongo wanaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo huvumilia hata dimbwi linalonuka. Kwa sababu hiyo, mvuvi anayerudi na kapu lililojaa kambale asiharakishe kusema kuwa mto ni mzima. Swali sahihi ni iwapo perege bado wamo.

Mto Ugalla unaonesha jambo hili waziwazi kwa sababu ya tabia yake. Katika kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Oktoba, mtiririko wake hupungua hadi kukatika, na mto hubaki mlolongo wa mabwawa. Viboko, mamba, samaki na ndege wote hubanana humo. Kinyesi cha viboko, ambacho mto unapotiririka ni mbolea inayolisha viumbe wadogo na samaki, hurundikana na kuoza, na hewa majini hupungua. Hali hiyo ni ya asili, na viumbe wa mto wameizoea kwa karne nyingi. Kinachobadilika ni kile kinachoongezwa juu yake: ng'ombe wanaonyweshwa katika mabwawa hayohayo, maji yanayopampwa kumwagilia mashamba, na udongo uliokokotwa na mvua kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti, unaojaza mabwawa na kupunguza kina chake mwaka hadi mwaka.

Funzo la Mara na funzo la Igamba

Taifa lilipata funzo la hadharani mwezi Machi mwaka 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi karibu na daraja la Kirumi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa chanzo kilikuwa upungufu wa hewa majini, uliosababishwa na kuoza kwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea katika eneo la bonde. Wananchi wengi walipokea maelezo hayo kwa mashaka, na mjadala ukawa mkali.

Mjadala ule uliacha somo ambalo Tabora inaweza kulitumia bila kusubiri tukio lake. Maelezo ya kisayansi huaminika zaidi pale wananchi wanapokuwa wameona takwimu za kabla ya tukio. Mto usio na rekodi ya miezi iliyotangulia hauna wa kuutetea siku samaki wakifa: kila upande hubaki na dhana yake. Rekodi za kiwango cha hewa, tope na virutubisho katika Igombe na Ugalla, zikibandikwa kwenye ofisi za kata kama zinavyobandikwa taarifa za mapato na matumizi, zingekuwa akiba ya kuaminiana.

Funzo la pili liko ndani ya bonde lenyewe. Mkataba kati ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uliosainiwa mwaka 2008, ulikuwa na mpango wa mtambo mdogo wa umeme katika Maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi, mkoani Kigoma. Uchunguzi wa mazingira ulibaini viumbe adimu wa majini katika eneo hilo, na mpango ule ukaondolewa katika mkataba. Baadaye Serikali, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliingia katika mradi mkubwa zaidi katika mto huo, wenye uwezo wa megawati 49.5.

Mtu anaweza kusoma habari hiyo kwa namna mbili. Anaweza kuona kwamba viumbe wadogo walichelewesha umeme wa Kigoma. Anaweza pia kuona kwamba tathmini ya mazingira ilifanya kazi yake, yaani kumlazimu mpangaji kutazama mto kabla ya kuuzuia. Vyovyote itakavyosomwa, mtambo wa umeme unabadilisha hesabu za Tabora: maji yanayopungua juu kwa sababu ya udongo na umwagiliaji holela sasa ni megawati zinazopungua chini. Mkulima wa Kaliua na fundi wa kuchomelea wa Kigoma mjini wameunganishwa na mto mmoja.

Miti, tumbaku na ng'ombe

Tabora ni kitovu cha zao la tumbaku na pia cha asali nchini, na mazao haya mawili yanagombania mti uleule. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa kuni, na kuni hutoka kwenye miombo. Nyuki nao hutegemea maua ya miti hiyohiyo. Mti ukikatwa, mrina asali hupoteza malisho ya nyuki, na mto hupoteza kinga. Ndiyo maana takwa la mkulima wa tumbaku kupanda miti na kutumia mabani yanayobana matumizi ya kuni ni suala la maji kama lilivyo suala la misitu. Miche inayohesabiwa siku ya kupandwa na kusahaulika kiangazi kinachofuata haizuii udongo wowote kuingia mtoni.

Upande wa mifugo, mbuga za Malagarasi na Ugalla zimekuwa kimbilio la makundi yanayokosa malisho kwingineko. Mfugaji hufuata nyasi na maji, na kumhamisha bila kumwonesha lambo lingine ni kuhamisha tatizo. Kinachohitajika ni mabirika ya kunyweshea yaliyojengwa mbali na ukingo, ili ng'ombe wapate maji bila kuingia mtoni.

Suala lenye ugumu zaidi ni la wavuvi na warina asali wa Ugalla. Eneo lilipokuwa pori la akiba, waliruhusiwa kuingia kwa vibali katika miezi ya kiangazi. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 3,865, ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu matumizi ya namna hiyo. Kwa kiboko na perege, ulinzi umeimarika. Kwa familia zilizosomesha watoto kwa samaki waliokaushwa na asali, mlango umefungwa. Uhifadhi utadumu pale watu hao watakapopata njia mbadala inayoonekana: mizinga ya kisasa katika misitu ya vijiji, mabwawa ya samaki yanayotumia mbegu zisizohatarisha perege wa asili, na ajira hifadhini. Vinginevyo utupa na kokoro vitaingia usiku, na sumu haimchagui samaki.

Sheria zipo, uratibu ndio kazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira hayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka, na inatoa nafasi kwa Jumuiya za Watumia Maji. Mto Malagarasi na matawi yake uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Lakini mto mmoja hupita katika mikono mingi. Ndani ya hifadhi ya taifa msimamizi ni TANAPA, ndani ya mapori ya akiba ni TAWA, na katika misitu ya hifadhi ni TFS. Vijijini ni halmashauri, maji ya bomba ya vijiji ni RUWASA, ya mjini ni mamlaka ya maji, na mazingira kwa ujumla ni NEMC. Kila taasisi ina kipande chake na bajeti yake. Samaki anayepanda mto wakati wa mafuriko kwenda kutaga hupita katika mamlaka nne au tano bila kujua mipaka. Mtego ukiwekwa katika kipande kimoja, ulinzi wa vipande vingine vyote umepotea bure.

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya Serikali, kuna mambo matatu ya kuyaulizia katika mkutano wa kijiji au mtaa. La kwanza, iwapo mipaka ya mita 60 imewekewa alama zinazoonekana katika mto au bwawa la eneo lake, kwani mpaka usioonekana huzaa ugomvi. La pili, iwapo Jumuiya ya Watumia Maji ipo na imekutana lini mara ya mwisho. La tatu, kwa wakazi wa mjini, gari la majitaka likitoka nyumbani kwake linamwaga wapi.

Swali hilo la tatu ndilo linalomrudisha mkazi wa Tabora mtoni. Maji aliyoyapokea kutoka Ziwa Victoria hayakomei kwenye sinki lake. Yanaendelea na safari, yakifuata bonde lilelile ambalo wapagazi walilishuka kwa miguu kuelekea Ujiji, hadi kwenye dimbwi la Ugalla ambamo mwezi Oktoba perege wa mwisho anasubiri mvua.